Deni la Uso wa Mtoto

"Mama, kama si sisi, huyu mtoto angejulikana na nani? Wewe ushukuru tu." Aliyesema hivyo ni mtu wa hapa hapa Kolwezi, aliyewaongoza wageni wenye kamera hadi mtaa wa Kasulo. Aliyeambiwa ni jirani yangu. Wageni walimchagua binti yake kati ya wenzake waliokuwa wakicheza vumbini, wakamwambia alie, akalia. Wakamwambia arudie, akarudia, kutwa nzima. Jioni alipewa soda na madaftari, mama akapewa kitenge. Baadaye sura ya mtoto ikatokea kwenye bango la filamu, Ulaya. Mama hakwenda kugombana. Aliuliza kama mtoto ana fungu lake, na jibu lilikuwa hilo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama fadhila inaweza kufuta deni. Najua kuna watakaotaka kwanza tukubaliane kazi ni nini na mtoto ni nani. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, ndivyo sheria yetu inavyosema, na kazi ni nguvu na muda wa mtu vinavyomletea mwingine faida. Yanatosha hayo.

Mfano mkubwa tulio nao Kongo ni Rachel Mwanza. Alikuwa mtoto wa mitaani Kinshasa, shege kama wanavyoitwa kule, aliyefukuzwa nyumbani kwa tuhuma ya uchawi. Kim Nguyen, mwongozaji kutoka Kanada, alimpa nafasi kuu katika filamu ya Rebelle. Februari 2012, mjini Berlin, Rachel akatwaa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Miezi miwili baadaye akashinda tena kwenye tamasha la Tribeca, New York. Mwaka 2013 filamu hiyo ilikuwa miongoni mwa tano zilizogombea Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na Kanada ikampa yeye tuzo yake ya mwigizaji bora. Ndani ya filamu anaitwa Komona. Waasi wanamteka, wanamlazimisha kuwaua wazazi wake, kisha wanamwogopa na kumheshimu kama mchawi kwa sababu anaona mizimu. Tuhuma iliyomtoa Rachel nyumbani, ambayo Katiba ya 2006 na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 zinakataza mtoto kutupiwa, ndiyo iliyompa Komona cheo mbele ya kamera.

Nguyen alileta hadithi, fedha, mitambo na ustadi wa kweli. Rachel alileta miaka ya njaa iliyomfundisha kumtazama mtu mzima bila kumwamini. Macho yale hayafundishwi katika chuo chochote. Na haki isemwe: mwongozaji alieleza kwamba walimwandalia makazi na masomo hadi atimize miaka 18. Hilo ni jambo kubwa, wala halilingani hata kidogo na soda ya Kasulo. Ninaowapinga ni wale wanaoisimulia habari hiyo kana kwamba hesabu imeshafungwa, kana kwamba kuokolewa ndiko kulipwa.

Nataka niichambue hoja yao polepole, maana inanikera kuliko zote, na kila ninapoisikia naona watu wenye akili wakitikisa vichwa kukubali. Wanasema: bila filamu, angekuwa bado mtaani. Kwanza, hoja hii inaanza kupima maisha ya mtoto kutoka shimoni. Ukianzia shimoni, hata ngazi moja ni zawadi. Kwa kipimo hicho mshahara wowote wa maskini unageuka kuwa sadaka: wa mlinzi, wa yaya, wa mchimbaji. Mbona mpiga picha haambiwi kwamba bila filamu hii angekuwa hana kazi, kwa hiyo ashukuru tu? Yeye ana mkataba. Anahesabiwa kuanzia thamani ya kazi yake, na mtoto anahesabiwa kuanzia umaskini wake.

Pili, kama nafasi ya kujulikana ni malipo, basi mtoto naye amelipa. Wangapi walimjua mwongozaji yule kabla uso wa Rachel haujafika Berlin? Filamu ilimpa Rachel nafasi, na Rachel akaipa filamu nafasi. Weka nafasi hizo mbili kwenye mizani, zitalingana au zitakaribiana. Kinachobaki bila kulipwa ni kazi yenyewe: saa za kusimama juani, kurudia kilio mara ya saba, kuingia usingizini na maneno ya mtu mwingine kinywani.

Tatu, na hapa ndipo naona wanajidanganya zaidi: anayeokoa hachagui kwa kipaji. Mtu akisikia mtoto analia kisimani, haulizi kwanza kama analia vizuri. Siku ile Kasulo walisimama watoto wengi kwenye mstari. Mmoja alicheka, mwingine aliona haya, wa tatu alishindwa kutoa machozi. Wote walikuwa na njaa ile ile na vumbi lile lile miguuni, wakaachwa pale pale. Aliyechukuliwa alichukuliwa kwa sababu anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Hiyo ni ajira, na aliyeajiri anapoiita wokovu anajipa haki ya kupanga malipo peke yake, kisha kudai shukrani juu yake.

Wenzangu wa huku watanielewa nikitaja soko la madini la Musompo. Mchimbaji anafika na gunia lake, mnunuzi anaelekeza metorex kwenye mawe, ile mashine inayoshikwa kama bastola, anasoma asilimia ya kobalti, na mchimbaji hana namna ya kuhakiki namba ile. Mnunuzi anaweza kusema, na ni kweli, kwamba bila yeye mawe yale hayafiki China. Lakini hata mnunuzi mwenye roho mbaya kuliko wote anatoa noti za faranga na kuziita bei. Hajawahi kuchukua gunia bure akamwambia mtu ashukuru kwa kuwa mawe yake yatasafiri. Yule binti wa Kasulo hakufikia hata daraja la kupunjwa.

Wapo wanaosema masharti makali ya malipo yataua filamu ndogo ambazo hata watengenezaji wake hawana kitu. Wengine husema mtoto anayeigiza hufurahi kweli kweli, na mimi mwenyewe nimeiona furaha hiyo. Hoja zote mbili zina uzito.

Kuna jambo linalonivuta kila nikifikiria uso na uigizaji, nalo ni makishi, wachezaji wa barakoa. Kwa Wachokwe na Waluvale, kutoka huku kwetu Lualaba hadi Angola na Zambia, wavulana wakiingia mukanda, yaani jando, makishi hutoka. Mchezaji hufunikwa kichwa hadi vidole kwa vazi la nyuzi zilizosukwa, likashika mwili kama ngozi ya pili, na juu yake barakoa. Mmoja wao, Pwo, ni mwanamke mzuri na mwenye adabu, lakini ndani yake anacheza mwanamume, kiuno kimefungwa nguo, hatua fupi fupi, ngoma ikimwita naye akijibu kwa miguu. Watu humtuza. Uzuri ni wa Pwo, na majonzi yakiwapo ni ya Pwo. Ngoma ikiisha, mwanamume yule hupita sokoni kununua unga wa bukari kama wewe na mimi, na hakuna anayemdai awe Pwo tena. Hata mji wetu umewahi kupewa barakoa ya namna hiyo: filamu ya Raoul Coutard ya 1980 kuhusu vita vya hapa vya Mei 1978 ilipigwa Guyana ya Ufaransa, kwa hiyo Kolwezi inayoonekana pale si Kolwezi, na mitaa yetu haidaiwi chochote na watazamaji. Kamera hufanya kinyume kwa mtoto. Inamwambia aje na uso wake mtupu, uso huo huo anaoamka nao, na kuucheza. Komona hawezi kuvuliwa akatundikwa ukutani. Mwaka 2014 Rachel alipotoa kitabu cha maisha yake kwa Kifaransa, nadhani watazamaji wengi wa Komona walikuwa bado wanataka kuona jeraha lake. Naamini katika kila malipo ya mwigizaji mtoto lazima kuwe na fungu la kitu hiki, uso ambao haurudi. Linapimwaje, sijui.

Mlinganishe Rachel na mtoto mwingine: Mwingereza Ellen Terry alipanda jukwaani mwaka 1856, akiwa na miaka tisa, akiigiza mtoto wa mfalme katika tamthilia ya Shakespeare kwenye ukumbi wa Princess's, London. Mwaka 1878 alijiunga na Henry Irving katika ukumbi wa Lyceum na kuwa mwigizaji mkubwa wa zama zake. Mwaka 1925 mfalme akampa cheo cha Dame. Wazazi wake walikuwa waigizaji. Kwao uigizaji ulikuwa kazi ya ukoo kama uhunzi, na nyuma ya jukwaa moja palikuwa na jukwaa jingine. Hakuokolewa na mtu. Rachel alianza kileleni, na kutoka pale ilimbidi atafute njia peke yake.

Tuseme basi mtoto alipwe. Nani amlipe, na fedha zishikwe na nani? Jackie Coogan aliigiza na Chaplin katika The Kid, mwaka 1921, akatengeneza mamilioni ya dola akiwa mtoto. Alipokuwa mtu mzima alikuta karibu zote zimeliwa, akamshtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kumwekea mtoto akiba. Leo inataka asilimia 15 ya mapato yake itengwe. Sheria hiyo naiheshimu. Lakini asilimia hiyo anaikuta mtu mzima. Mtoto aliyefanya kazi, aliyetaka viatu, daktari na usiku wa kulala bila kuamshwa, hayupo tena wa kuipokea. Na hapa kwetu, nyumba ambayo dada mdogo ana homa leo, nani atasimama mlangoni aseme fedha za dada yake mkubwa haziguswi hadi atimize miaka 18?

Kuna pia ile karatasi ya mkataba. Mtoto hawezi kutia saini, kwa hiyo mzazi anatia, na uso si wa mzazi. Mahakama za watoto zilizoanzishwa kwa sheria ya 2009 zingeweza kuusoma mkataba kabla ya kamera kuwashwa, nami ningependa iwe hivyo, ila najua wageni wa siku moja hawamsubiri hakimu. Kwa sasa nasimama upande wa kulipa papo hapo, mbele ya mashahidi, sehemu kwa nyumba na sehemu kwa jina la mtoto, na kiasi kisemwe kwa sauti mtoto mwenyewe akisikia. Coogan angenipinga, na kwa sehemu ya nyumba sina jibu la kumpa.