Asiyesikia Si Mkaidi



Lugha yetu ya Kiswahili ni tajiri, walakini katika jambo moja imewaonea wazee wetu. Neno "kusikia" kwetu lina maana mbili: kupokea sauti kwa masikio, na kutii. Mtoto mtundu huambiwa kwamba hasikii. Twasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkaidi twamfananisha na sikio la kufa, lile lisilosikia dawa. Methali hizo zafaa sana kuwafunza watoto. Lakini mtu mzima anapoanza kupoteza usikivu wake, methali hizo humgeukia yeye. Akiitwa asiitike, husemwa kwamba ana kiburi. Akijibu lisiloulizwa, watu hucheka. Akiuliza mara ya tatu, mkewe huchoka na kumwambia, "Basi, yaishe." Na wajukuu, mgeni anapobisha hodi, husema mbele yake yeye mwenyewe, "Babu huyo mwacheni tu, hasikii."

Leo twataka kusema habari za watu hao, na kwa mfano tumechagua kisiwa cha Mafia. Huko Wakristo ni wachache kati ya ndugu zao Waislamu, bali bahari haimwulizi mtu dini yake, na kazi yenyewe ya kujipatia riziki huyadhuru masikio.

Mtazameni mzamiaji wa Jibondo au wa Juani, anayeshuka kutafuta pweza na kamba kwa pumzi yake mwenyewe. Afikapo kina cha mita 10, mkandamizo unaomwelemea huwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hubanwa hata kubaki nusu ya ilivyokuwa. Mzamiaji aliyezoea hubana pua na kupuliza taratibu, ili hewa ipande kwa kile kijia kitokacho kooni hadi sikioni. Akiwa na mafua kijia huziba, kiwambo huvutwa ndani kwa maumivu makali, na chaweza kupasuka. Tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe baada ya wiki kadhaa, mradi maji yasiingie. Lakini ni mvuvi gani mwenye watoto sita awezaye kukaa nchi kavu wiki hizo zote? Kesho yake amekwisha kurudi majini. Sikio hutoa usaha, hukauka, hutoa tena, na miaka yapita.

Tena wako wanaokaa saa nyingi karibu na mashine ya boti inayonguruma. Wako pia walioharibiwa na baruti. Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 ili kuyalinda matumbawe na samaki. Juu ya matumbawe yaliyovunjwa twasikia mengi. Juu ya masikio ya kijana aliyerusha baruti, na ya mwenzake asiye na hatia aliyekuwa chini ya maji karibu naye, twasikia machache mno.

Msidhani kwamba haya ni ya watu wa pwani tu. Msaga mahindi wa Iringa na mchimbaji wa Geita wana hatari ya namna moja na yule wa boti. Uzee nao huja kwa kila mtu. Hata dawa zina sehemu yake: kwinini huyafanya masikio kuvuma, na kwa kawaida mvumo huo hukoma dawa ikiisha, bali sindano za jamii ya streptomisini na jentamisini zaweza kuua usikivu moja kwa moja. Kwa sababu hiyo haifai kuchomwa sindano na mtu asiye mganga wa kweli, wala kumficha daktari kwamba masikio yalikuwa mabovu tangu awali.

Ndani kabisa ya sikio Mwenyezi Mungu ameweka chembe ndogo sana zenye vinyweleo, kiasi cha elfu 15 kwa kila sikio, ambazo kazi yake ni kuigeuza sauti iwe habari ya kupelekwa ubongoni. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mara nyingi zile za sauti nyembamba hufa kwanza, na hapo ndipo penye siri ambayo jamaa wengi hawaifahamu. Mzee huzisikia irabu, maana zina sauti nene, lakini herufi kama s, f, t na sh humpotea. Kwake "sita" na "tisa" ni neno moja. Muuza samaki pale Kilindoni akitajiwa elfu sita akasikia elfu tisa, ugomvi umezaliwa, wala hakuna mwongo kati yao wawili. Ndiyo maana wengi husema, "Nasikia, ila sielewi." Wanasema kweli tupu. Kumpigia kelele mtu wa namna hiyo hakumsaidii, maana kelele hukuza irabu na kuziacha herufi zile zile zikipotea.

Usiku huja taabu ya pili. Nyumba ikinyamaza, sikio halinyamazi: hulia kama nyenje, au huvuma kama kombe la pwani lililotegwa sikioni, hata usingizi ukaruka. Wapo wanaodhani ni shetani awaitaye, wakaenda kupungwa. Waganga wa hospitali watufundisha kwamba mara nyingi ubongo, ukikosa sauti uliyoizoea, hujitahidi kuitafuta, na juhudi hiyo yenyewe ndiyo mlio. Dawa ya kumeza iliyothibitishwa kuuondoa haipo bado, na anayeiuza mnadani anauza uongo. Lakini wengi huona nafuu wanapowekewa chombo cha kusaidia kusikia, kwa kuwa sauti za nje zikirudi, mlio wa ndani hurudi nyuma.

Sasa tuifungue Injili ya Marko, sura ya 7. Bwana wetu alipopita nchi ya Dekapoli aliletewa kiziwi ambaye usemi wake pia ulikuwa mzito. Angalieni neno hilo: aliletewa. Kiziwi hakuja peke yake. Hatujui majina ya waliomleta, wala kama walikuwa ndugu au majirani. Twajua tu kwamba walifunga safari kwa ajili yake na kumwombea kwa vinywa vyao, yeye asiyeweza kujiombea. Angalieni tena Bwana alilofanya. Hakumponya mbele ya watu. Alimchukua kando, mbali na macho yao. Yeye aliyeijua mioyo alijua kwamba kiziwi amechoka kutazamwa na kuchekwa. Kisha akatia vidole masikioni mwake, akatumia mate, akagusa ulimi, akatazama mbinguni, akatamka neno lile "Efata", yaani "funguka", ambalo Kanisa hata leo hulitumia katika ibada ya ubatizo padre agusapo masikio ya mtoto.

Bwana angaliweza kumponya kwa neno tupu. Hakudharau vidole wala mate. Basi na asitokee Mkristo wa kusema kwamba mtu wa imani hahitaji chombo, bali aombewe tu hata masikio yazibuke. Na aombewe, ndiyo, tena kila siku. Lakini aliyemwombea amsaidie na nauli.

Maana safari ni ndefu. Mtu wa Mafia huanza katika hospitali ya wilaya, Kilindoni. Asipuuze hatua hiyo! Huenda tatizo ni nta iliyoganda, ambayo mganga huiondoa kwa muda mfupi, na mzee akarudi nyumbani akicheka. Kama sikio latoa usaha, litibiwe kwanza. Na wala asitiwe mafuta ya moto, maziwa au maji ya majani, kwa kuwa kiwambo kikiwa na tundu, vitu hivyo hupita hadi ndani. Likihitajika zaidi, huvuka kwa chombo mlango wa bahari hadi Nyamisati, kisha barabara ya kwenda Dar es Salaam, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya masikio, pua na koo. Hospitali hiyo ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa ndani ya sikio kwa viziwi ambao chombo cha kawaida hakiwafai. Mzee aliyepungukiwa kwa uzee au kwa kelele za mashine, kwa kawaida hahitaji kisu. Huketishwa chumba cha kimya, husikilizishwa sauti nene na nyembamba, na kipimo huandikwa katika karatasi. Kwa karatasi hiyo ndipo hutengenezwa shimesikio yake, ambayo wengi huiita mashine ya masikio: kinasa sauti kidogo, kikuza sauti, na kipaza sauti chake, vikiwa vimerekebishwa kukuza zile sauti alizopoteza yeye. Vile vinavyouzwa barabarani bila kipimo hukuza kila kitu kwa pamoja, na vyaweza kuudhuru usikivu uliosalia.

Yuko mmoja ambaye hapaswi kungoja msimu wala mavuno. Mtu akiamka asubuhi sikio moja limezima ghafula, aende hospitali siku ile ile, kwa sababu tiba ya hali hiyo hufaa zaidi katika siku za mwanzo.

Bei ya shimesikio ni mzigo, nasi hatutaificha. Kwa mvuvi ni mapato ya miezi. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji msaada, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Tena katika kila watu 100 ambao shimesikio ingewafaa, wanaozitumia ni kama 17. Lakini twauliza: ukoo uwezao kuchangia harusi ya siku moja kwa vikao vitano, hauwezi kukaa kikao kimoja kwa ajili ya masikio ya baba? Twajua jibu la wengi, "Mzee mwenyewe hataki." Mara nyingi ni kweli. Hataki kwa sababu anaona haya, na haya hiyo sisi ndio tuliompandikizia tulipomcheka. Sheria ya Musa katika kitabu cha Walawi ilikataza kumlaani kiziwi. Wala sababu ya katazo ni wazi: yeye hawezi kujibu asichokisikia. Kumsema mzee mbele yake kwa kutumaini kwamba hasikii ni dhambi ya namna hiyo hiyo.

Akiisha kuipata, msitazamie muujiza wa siku moja. Haimrudishii masikio ya ujana. Siku za kwanza atalalamika kwamba sahani zinapiga kelele, kuku wanapiga kelele, hata sauti yake mwenyewe imekuwa ya mgeni. Ubongo wajifunza upya, na somo hilo huchukua wiki nyingi. Aivae saa chache ndani ya nyumba, kisha azidishe. Wengi huishia kuitia sandukuni katika mwezi wa kwanza kwa kukosa mtu wa kuwatia moyo, na fedha za ukoo zikalala humo. Kisiwani kuna adui mwingine, nao ni chumvi na jasho: isivaliwe baharini, ifutwe kila jioni kwa kitambaa kikavu, ilazwe katika kopo lililofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu. Anayekwenda Dar es Salaam anunue betri za kutosha, kwa maana si kila duka linazo.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pio XI alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi, ndiye pia msimamizi wa viziwi. Alimfundisha kiziwi mmoja katekisimu kwa ishara mpaka akampa Komunyo Takatifu. Alikuwa askofu mwenye shughuli nyingi, na nafasi aliipata. Basi tunawasihi mapadre: wako wazee walioacha kitubio kwa sababu wanaogopa kupaza sauti, dhambi zao zikasikiwa na foleni nzima. Waitwe sakristia, mlango ufungwe, waketi uso kwa uso. Makatekista nao wawape viti vya mbele bila kuwatangaza.

Na nyumbani, wakati wa sala ya jioni, anayesoma amwelekee mzee, asizibe kinywa kwa kitabu, asome polepole kwa sauti ya kawaida. Taa iwekwe mahali panapomulika uso wa msomaji, isiwe nyuma yake.