Je, Yafaa Kumdanganya Mgonjwa wa Akili?

Neno kwa vijana wanaojifunza uuguzi, na kwa wote wenye mgonjwa nyumbani



Katika sharika zetu wako vijana wengi, wake kwa waume, wanaojifunza kazi ya uuguzi. Wafundishwa kuosha vidonda, kupima homa na kuchoma sindano, na katika mambo hayo dhamiri husumbuka mara chache, kwa kuwa kidonda hakiulizi neno. Lakini siku wanapopelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, swali jipya laja mbele yao, wala jibu lake halimo katika kabati la dawa. Mgonjwa ashika kikombe, amtazama mwuguzi usoni, auliza: “Mmenitilia nini humu?” Naye mwuguzi ajua ya kuwa akijibu kweli, pengine mgonjwa atakataa, akijibu uongo, atakunywa na kulala. Basi aseme nini? Je, amri ya nane yamhusu hata mtu ambaye akili zake zimevurugika?

Watu wengi hujibu upesi: “Mwenye wazimu hajui neno. Kumdanganya ni kama kumbembeleza mtoto mchanga. Dhambi iko wapi?” Jibu hili lasikika kuwa la huruma, walakini limejengwa juu ya msingi usio wa kweli, yaani kwamba mgonjwa wa akili hajui neno. Basi na tuanze hapo.

Ugonjwa wa akili haumli mtu wote. Mguu ukivunjika, mkono waweza kushika bado. Ndivyo ilivyo na akili. Mtu mwenye skizofrenia aweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kuamini ya kuwa jirani zake wamekula njama kumwua. Hata hivyo ajua jina la mtoto wake, ajua bei ya mahindi, na amkumbuka sana yule aliyemsalimu jana kwa upole, na yule aliyemcheka. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni ile kuu isiyoondoka kwa majuma na miezi, hakupotewa na maarifa; kilichomwacha ni usingizi, hamu ya chakula, nguvu na tumaini. Mwingine huinuliwa na furaha ipitayo kiasi, asilale, aseme mengi, agawe mali yake; kisha huanguka katika huzuni, naye akumbuka yote aliyoyafanya, aona haya. Hata mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa usahaulifu, ambaye hajui tena leo ni siku gani, aijua sauti ya mtu ampendaye.

Wako pia wale ambao akili zao huvurugika ghafula, kwa saa chache au siku chache tu. Mwanafunzi ajihadhari sana na hao. Mara nyingi shina la jambo ni mwilini: malaria iliyopanda ubongoni, sukari iliyopungua katika damu, maambukizo, au pombe iliyoachwa kwa mara moja na mtu aliyeizoea miaka mingi. Mtu wa namna hii apimwe damu mara moja, kabla watu hawajaanza kutaja mapepo na wachawi, kwani kukawia kwaweza kumwua.

Tena tusiseme ya kuwa ugonjwa huu ni malipo ya dhambi. Chanzo chake mara nyingi si kimoja: kuna urithi wa damu, kuna mambo ya ubongo, kuna msiba, vita, ufukara, pombe na bangi. Wanafunzi wa Bwana walipomwuliza juu ya yule kipofu, kama alitenda dhambi yeye au wazazi wake, Bwana aliyakataa yote mawili. Naye nabii Elia, alipoketi jangwani chini ya mretemu akiomba afe, hakuanza kwa kukemewa. Alipewa usingizi, akapewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Ndipo aliposemeshwa juu ya kazi yake. Kila mwuguzi angefaa kuijua sura hiyo.

Basi, ikiwa mgonjwa ajua mengi, uongo wetu waangukia wapi? Waangukia ndani ya mtu anayetazama, anayepima na anayekumbuka. Tufikiri juu ya yule anayeamini ya kuwa watu wamtilia sumu katika chakula. Jamaa zake, kwa kumpenda, wasaga vidonge na kuvichanganya katika uji. Siku ya tatu aona unga mweupe chini ya bakuli. Sasa ni nani mwenye haki? Jana alikuwa na wazo la ugonjwa. Leo analo shahidi. Alisema ya kuwa watu wa nyumbani wamtilia kitu kwa siri, na kumbe ni kweli! Tangu hapo hataamini uji, wala dawa, wala mama yake. Uongo uliokusudiwa kumponya umeupa ugonjwa wake nguvu. Wazee walisema ya kuwa njia ya mwongo ni fupi. Katika nyumba ya mgonjwa wa akili ni fupi kuliko kwingine kote.

Vivyo hivyo wale wanaomwambia mgonjwa, “Twende mjini, kuna arusi,” kisha gari lasimama mlangoni pa hospitali. Amefika, ndiyo. Lakini amefika akiwa amejifunza ya kuwa jamaa zake si wa kutumainiwa. Na atakaporudi nyumbani, ni jamaa hao hao watakaomtaka ameze dawa kila siku, pengine miaka mingi.

Wengine watatuletea mfano wa Maandiko, nao si mfano wa kudharauliwa. Wale wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, hawakumwambia Farao kweli, wala Mungu hakuwaadhibu, bali aliwatendea mema. Augustino, askofu wa Hippo, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alishikilia ya kuwa kila uongo ni dhambi, hata ule wa kuokoa maisha. Hata hivyo alikiri ya kuwa si kila uongo una uzito mmoja. Mimi sitaki kuwahukumu wakunga wale. Lakini na tuangalie walimdanganya nani. Walimdanganya mwenye upanga ili wamlinde asiye na nguvu. Hawakumdanganya mama aliyekuwa katika utungu mikononi mwao. Mwuguzi amdanganyaye mgonjwa afanya kinyume chake: mwenye ufunguo wa mlango amdanganya asiye na ufunguo. Hawezi kujificha nyuma ya Shifra na Pua.

Na njia hii yaweza kufika mbali. Ndugu mashemasi waliotumika zamani huko Lutindi, katika milima ya Usambara, walitoka Bethel ya Ujerumani. Nyumba ile ya Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kuwa kimbilio la watoto waliookolewa katika utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa hospitali ya kwanza ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Hawakuwa na dawa ya kutuliza mawazo yaliyovurugika, kwani ile ya kwanza iliyofaa kweli, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1952 huko Paris. Walikuwa na kazi ya mikono, chakula, usingizi, sala, na kukaa pamoja na wagonjwa.

Lakini katika nchi ile ile ya Ujerumani, tangu Januari 1940 hata Agosti 1941, watu wapatao 70,000, wagonjwa wa akili na vilema, waliuawa kwa gesi kwa amri ya serikali ya Hitler, katika nyumba sita za Ujerumani na Austria. Nao waliuawa kwa uongo kabla ya kuuawa kwa gesi. Waliambiwa ya kuwa wahamishwa. Chumba cha gesi kilifanywa kionekane kama chumba cha kuogea. Jamaa zao waliandikiwa barua za rambirambi zilizotaja ugonjwa ambao marehemu hakufa nao. Wauguzi walikuwamo katika mabasi yale, wakiwatuliza wagonjwa kwa maneno laini. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliyafichua mambo hayo kwa maandiko aliyoyapeleka kwa wakubwa wa serikali Julai 1940, na mwezi uliofuata alikamatwa, akafungwa. Mchungaji Fritz von Bodelschwingh wa Bethel alikuwa pamoja naye katika kuwatetea wagonjwa.

Sisemi ya kuwa mama asagaye kidonge katika uji afanana na wauaji wale, hasha! Kusudi lake ni uhai, lao lilikuwa mauti. Lakini nasema ya kuwa wauguzi wale hawakuanza kazi yao wakiwa wauaji. Wazo moja liliwafungulia mlango: kwamba mgonjwa wa akili hadaiwi kweli, kwa kuwa yeye si mtu kamili wa kuambiwa kweli. Wazo hilo likiisha kukaa moyoni, mwenye kulishika hana tena ukuta wa kumzuia. Katekisimo Kubwa ya Martin Luther ya mwaka 1529 yatufundisha kuzitazama amri kuwa ngome ya jirani. Na jirani ahitajiye ngome zaidi ni yule asiyeweza kujitetea.

Mtu atauliza: “Basi, tumtwange mgonjwa kwa kweli kama kwa rungu?” La. Kutosema uongo si kusema kila neno katika kila saa. Bibi kizee mwenye usahaulifu auliza kila jioni, “Mume wangu amerudi kutoka shamba?” naye mumewe amezikwa miaka kumi iliyopita. Akiambiwa, “Alikufa,” hulia kama kwamba amesikia leo. Na kesho atauliza tena, alie tena. Kumpa msiba mpya kila jioni si upendo. Lakini mwuguzi aweza kuketi karibu naye na kusema, “Bibi, naona wamngoja sana. Niambie habari zake. Alikuwa mtu wa namna gani?” Hapo hakuna neno la uongo, nao moyo wa bibi wapata kile ulichokuwa ukikitafuta, yaani mtu wa kumkumbuka mpenzi wake pamoja naye.

Na yule asikiaye sauti? Usimwambie, “Hakuna sauti, acha upuzi,” kwani yeye azisikia kweli masikioni mwake. Wala usimwambie, “Nami nazisikia.” Mwambie: “Mimi sizisikii, ndugu yangu, lakini naona wewe wazisikia, nao wakutia hofu ule usemi wake. Nitakaa nawe hapa.” Mtu mwenye kukata tamaa, mwulize waziwazi kama amewaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya. Mara nyingi lampunguzia mzigo. Naye akikuomba, “Niahidi hutamwambia mtu,” usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie ya kuwa maisha yake yana thamani kuliko siri, na ya kuwa utamwambia daktari, naye atajua kwamba umesema.

Juu ya dawa, mwambie jina lake na kazi yake, na shida zake pia: ya kuwa yaweza kumletea usingizi, kutetemeka kwa mikono, kukaza kwa viungo, au kunenepa. Mtu asiyeonywa, viungo vikimkaza, husema, “Ni sumu kweli!” Aliyeonywa husema, “Ndivyo alivyoniambia,” naye arudi kwako kukuuliza. Tena usimdharau akikataa. Msikilize sababu yake, maana pengine kipimo ni kikubwa mno, na daktari aweza kukipunguza au kubadili dawa.

Lakini iko saa ambayo mgonjwa ameshika panga, au ataka kujitupa mtoni, wala hasikii neno. Hapo pana haki ya kumshika kwa nguvu, nayo sheria yaliangalia jambo hilo. Tanzania, kwa mfano, inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Walakini hata nguvu na iwe ya kweli. Mwambie, “Tunakushika kwa sababu twaogopa utakufa. Tutakuachilia hatari ikipita.” Mtu aliyeshikwa waziwazi aweza kukasirika leo na kushukuru baadaye. Aliyetegwa kama ndege hukumbuka mtego.

Na ikiwa daktari na jamaa, baada ya kujaribu yote, waona ya kuwa mtu asiyeweza kabisa kuelewa hawezi kuokolewa ila kwa dawa iliyotiwa katika chakula? Ni jambo zito, nami siwezi kulifungia mlango wote. Lakini lisiwe shauri la mtu mmoja usiku. Liamuliwe na wengi, liandikwe katika kitabu cha wodi pamoja na sababu yake, litazamwe tena baada ya siku chache, naye mgonjwa akipata nafuu aambiwe. Jambo ambalo huthubutu kuliandika wala kumwambia mgonjwa atakapopona, usilitende.

Ninyi vijana mnaojifunza, mtapewa vyeti na funguo. Kumbukeni ya kuwa mtu aliyevurugikiwa na akili amekwisha kupoteza uhakika wa macho yake na masikio yake. Hajui tena ashike lipi. Katika giza hilo ahitaji kitu kimoja kisichogeuka. Hamwezi kumpa akili zake kwa mkono wenu, wala dawa haziponi kila mtu. Lakini kila siku mwaweza kumpa neno ambalo kesho ataliona lilikuwa kweli.

Bwana, aliyemketisha yule mtu wa makaburini akiwa amevaa nguo na mwenye akili timamu, awape subira katika kazi hii.