Kumaliza Kazi ya Mwingine

Watu wengi huogopa kupokea kazi iliyoachwa nusu na mwingine kuliko kuanzisha jambo jipya. Aliyeianzisha akiwa mtu wa sifa, mrithi wake hujiuliza: Je, nifuate nyayo zake moja moja hata mimi mwenyewe nisionekane? Au nifanye kwa mkono wangu, watu wakaseme nimeiharibu kazi ya marehemu? Swali hili si la mafundi tu. Ni la kila mwalimu akabidhiwaye darasa la ubatizo lililoanzishwa na mwenzake. Basi twataka kulitazama kwa habari za mchonga sanamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Gerhard Marcks.

Kaskazini ya Ujerumani, katika mji wa Lübeck, liko kanisa la kale la Mtakatifu Katarina, lililojengwa kwa matofali na ndugu wa shirika la Fransisko. Ukuta wake wa mbele una mashubaka, ambayo yalikaa matupu. Carl Georg Heise, msimamizi wa nyumba ya makumbusho ya mji ule, alimwomba Ernst Barlach, fundi mkuu wa siku zile, afanye sanamu za udongo wa kuchomwa ziwekwe humo. Kazi hiyo yote iliitwa Ushirika wa Watakatifu, kama tukirivyo katika imani yetu. Tangu mwaka 1930 hata 1932 Barlach alimaliza tatu: mwombaji aegemeaye magongo, kijana aimbaye, na mwanamke apigwaye na upepo. Hakupata kumaliza nyingine.

Maana mwaka 1933 Hitler na watu wake walishika utawala. Heise akaondolewa kazini, na kazi za Barlach zikaanza kutolewa makanisani. Mwaka 1937 malaika wake wa shaba, aliyening'inizwa katika kanisa kuu la Güstrow, aliteremshwa, na baadaye akayeyushwa. Mwaka uliofuata Barlach akafariki.

Na Marcks je? Alizaliwa Berlin mwaka 1889. Udongo aliujua sana, kwani tangu mwaka 1919 alikuwa mwalimu katika shule ya mafundi iitwayo Bauhaus, akiangalia karakana ya wafinyanzi huko Dornburg. Baadaye alifundisha Halle, hata mwaka 1933 akafukuzwa, kwa sababu alisimama upande wa mwalimu mwenzake, mwanamke wa Kiyahudi. Mwaka 1943 mabomu yaliteketeza nyumba yake ya kazi mjini Berlin, na mwaka huo huo mwanawe akauawa vitani. Vita ilipokwisha alikuwa mtu wa miaka 56. Mwaka 1946 akaitwa Hamburg kufundisha, na Heise akamwomba aiendeleze kazi ya Barlach.

Labda msomaji atauliza: Je, sanamu zina haki gani penye nyumba ya Mungu? Tunajibu kwamba hizi hazikuwekwa zisujudiwe. Zimesimama nje, juu ya njia ya watu, kama mahubiri kwa yeye apitaye asiyeingia ndani.

Marcks akakubali. Kati ya mwaka 1946 na 1949 alifanya sita: Kristo mwenye mateso, mama na mtoto wake, mwanamwali, nabii, Kassandra, na mtu achomaye moto nyumba za watu. Pamoja na tatu za Barlach zikawa tisa, nazo zimesimama ukutani hata leo. Akitaka angaliweza kuiga mkono wa mwenzake hata macho ya wengi yasitambue. Hakufanya hivyo. Watu wa Barlach ni wazito, wamevikwa nguo nene. Watu wa Marcks ni wembamba, wametulia. Atazamaye kwa makini huona mikono miwili. Lakini udongo ni ule ule, ukuta ni ule ule, na kusudi ni lile lile.

Tufikiri hasa juu ya yule mchoma nyumba. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende, mwaka 1942, mji wa Lübeck ulipigwa mabomu ukawaka. Kanisa la Maria likaungua, na kengele zake zikaanguka sakafuni, ambapo zimelazwa mpaka leo, zimevunjika. Barlach alikuwa amekwisha kufa. Hakuuona moto ule. Marcks alikuwa ameona miji ikiungua. Je, angalikuwa mwaminifu kama angaliunyamazia, kwa kuwa marehemu hakuutaja? Twaona sivyo. Hata Kassandra, yule mwanamke wa hadithi za Wayunani aliyeonya juu ya maangamizi asisadikiwe, asema na watu waliosikia maonyo wasiyasadiki. Tena mchoma nyumba hakutengwa peke yake, bali amesimama katika safu moja na Kristo mwenye mateso. Atakaye kujua kwa nini mtu kama huyo amewekwa katika Ushirika wa Watakatifu, na akumbuke mnyang'anyi aliyesulibiwa kando ya Bwana.

Mwingine atapinga, akisema: Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba hakupenda kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Ni kweli. Lakini aliwaambia Wakorintho kwamba yeye aliuweka msingi na mwingine anajenga juu yake. Hakumkataza huyo, ila alimwonya aangalie jinsi ajengavyo. Elisha naye aliliokota vazi la Eliya, lakini hakuwa Eliya. Alitenda kazi ya Bwana yule yule kwa sauti yake mwenyewe.

Basi twaona hivi: mwenye kupokea kazi ya mwingine anadaiwa uaminifu kwa kusudi la kazi, si kwa alama za vidole vya aliyetangulia. Aigaye kila kitu amemheshimu mtu akaisahau kazi. Naye abomoaye vya kwanza ili jina lake lisomwe ameisahau kazi vilevile. Marcks aliziacha tatu za mwenzake zilivyo, akasimamisha zake kando yake, hata mtu awezaye kuzitambua aone kwamba mmoja alikufa na mwingine akaendelea.

Ndugu walimu, mkikabidhiwa darasa ambalo mwingine amelianza, msiwaambie wanafunzi kwamba waliyofundishwa kwanza hayafai. Wala msirudie maneno yake tu, mkaacha kutaja moto uliowaka tangu alipoondoka. Sisi nasi tutaacha mashubaka matupu siku ya kuitwa kwetu. Heri tukiwafundisha mapema watakaotufuata, na tukiwapa ruhusa ya kufanya kwa mikono yao.