Mama Aliyebaki Juu ya Mwamba

Somo: 2 Samweli 21:1–14

Rispa binti Aya hatamki neno hata moja katika sura hii. Alikuwa suria wa Sauli, na Sauli amekwisha kufa; hana wa kumtetea. Nchi ina njaa, na Mfalme Daudi anawatoa wana wawili wa Rispa, Armoni na Mefiboshethi, pamoja na wajukuu watano wa Sauli, wauawe na Wagibeoni kulipia damu ya watu wao aliyoimwaga Sauli. Wote saba wanauawa pamoja, mwanzo wa mavuno ya shayiri, na miili yao inaachwa mlimani bila kuzikwa.

Rispa anachukua gunia, analitandika mwambani, anakaa hapo mpaka mvua inanyesha. Nchi ile huvuna shayiri mnamo Aprili, na mvua kwa kawaida hurudi Oktoba. Huenda mama huyu alikaa miezi. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama wa mwituni. Nimemtafuta katika mistari hiyo mtu aliyempelekea maji, au aliyemwambia, "Lala kidogo, mimi nitakesha." Simwoni.

Waliofiwa kwa mauaji wanaujua mwamba huo. Kabla ya kuzika wanasubiri polisi na uchunguzi wa maiti. Matanga yakiisha watu wanatawanyika, na wao wanaanza kusubiri kesi. Hapa Tanzania mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, lakini kwanza kesi hutajwa mahakama ya chini, inaahirishwa, inatajwa tena, na jibu ni lile lile: upelelezi haujakamilika. Mtaani nako wanasikia, "Kwani usiku ule alikuwa anatafuta nini?" Hao ndio ndege wa mchana.

Na kanisani tunamwambia mama asamehe kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Msamaha ni amri ya Kristo, siipunguzi. Lakini hakuna mahali katika sura hii Mungu anapomwambia Rispa ashuke.

Habari zake zikamfikia Daudi, yule yule aliyewatoa vijana wake. Akaenda Yabesh-Gileadi kuichukua mifupa ya Sauli na mwanawe Yonathani, ikakusanywa na ya wale saba, mazishi yakafanyika Sela, katika nchi ya Benyamini. Ni baada ya hayo ndipo Mungu akaisikia dua kwa ajili ya nchi. Maandiko hayasemi hivyo pale damu ilipomwagika.

Basi iandike tarehe ya kesi kwenye kalenda yako. Nenda mahakamani na mama aliyefiwa, mkae benchi moja, hata kama shauri litaahirishwa baada ya dakika tano. Mtaje mwanawe kwa jina, maana anaogopa jina hilo litabaki kwenye jalada la polisi tu. Mtu akianza maneno, mkatize.

Sala: Bwana, uliyemwona Rispa, tupe miguu ya kupanda mpaka alipo mwenzetu, na subira ya kukaa naye muda wote atakaokaa. Amina.