Kuta za Karema na Deni Letu

Mwenye kurithi nyumba hurithi na habari za walioijenga. Neno hili lawapasa hasa Wakristu wa Ufipa, ambao imani yao ilipanda mlima kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Karema.

Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879. Mwaka 1885 waliwaachia Mapadre Weupe, na nyumba ya bunduki ikawa nyumba ya sala. Hapo walilelewa watoto waliokombolewa katika utumwa. Hapo alikaa Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 hata alipofariki mwaka 1917. Hapo pia alifika, mwaka 1889, Adriano Atiman, mwana wa nchi ya Timbuktu, aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa udaktari huko Malta. Naye aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini hata kufa kwake mwaka 1956. Mwaka 1969 Jimbo la Karema lilipewa jina la Sumbawanga. Jina lilipanda uwandani. Mizizi ilibaki ziwani.

Sasa wako wanaouliza: kanisa kongwe lina faida gani? Paa lavuja, nafasi haitoshi. Libomolewe, lijengwe kubwa. Hoja yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa kanisa ni la walio hai, wala Mungu hakai katika matofali. Lakini haja ya nafasi yaweza kutimizwa kwa kujenga kando. Haja ya kukumbuka haina kiwanja kingine.

Tena tufikiri. Askofu Lechaptois na Atiman wameandikwa vitabuni. Je, aliyefinyanga tofali? Mama aliyebeba maji ya udongo? Mtoto wa utumwa aliyesahau hata jina la kwao? Hao hawakuandikwa popote. Ukuta ndio daftari lao. Anayeubomoa bila haja awafuta mara ya pili.

Hata hivyo, kuhifadhi ukuta na kunyamaza juu ya habari zake ni kutunza ganda na kutupa kokwa. Tusimulie yote, ngome na bunduki zake, utumwa na machozi yake, pamoja na huruma iliyofuata.

Basi, wazazi, palipo na kanisa kongwe, paa lizibwe kabla ya mvua. Kisha wapelekeni watoto kwa wazee, wawaulize ni nani waliobeba matofali, wakayaandike majina yao. Wazee hawatungoji.