Waliokosea Bado Wana Haki ya Kuulizwa



Kwetu Puta, kando ya Ziwa Mweru, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Samaki wanahitaji kuzaliana, hilo hatulipingi. Lakini likizo iliyopita mjomba wangu, nyavu zake zikiwa zimetundikwa ukutani, aliniuliza: "Mwanangu, sheria hii nani alituuliza sisi?"

Nikamwambia kwamba ng'ambo, Kongo, Katiba ya 2006 imeyapa majimbo mabunge yao. Haut-Katanga wana lao Lubumbashi. Sisi Luapula tuna mabaraza ya wilaya tu, na jimbo husimamiwa na waziri anayeteuliwa na Rais.

Mjomba akacheka. "Na hao wamefaidi nini? Wanaovuka kuja kuuza hapa wanalalamika kuliko sisi."

Nilinyamaza. Katiba yao imeyatengea majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, lakini fedha hizo haziyafikii kama ilivyoandikwa. Basi chombo kikishindwa, tuache kukitaka?

Jibu nililipata katika kisa cha Uhud. Mtume (s.a.w.) aliona bora kubaki Madina. Wengi wakataka kutoka, naye akakubali. Waislamu wakapata msiba mkubwa. Baada yake ikashuka aya ya 159 ya Surat Aal Imran, ikimwamuru awasamehe na ashauriane nao. Kosa lao halikuwafutia haki ya kuulizwa.

Tena aya ya 38 ya Surat Ash-Shura imeitaja shura baina ya swala na kutoa. Mimi naelewa hivi: shura bila uchamungu ni kelele, na shura isiyo na cha kutoa ni maneno matupu. Wenzetu wa ng'ambo wana bunge, mfuko ni mwepesi. Sisi mwaka 2022 mfuko wa maendeleo ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila eneo la mbunge, lakini Luapula haina pa kukaa na kutunga sheria ya ziwa lake.

Ndugu zangu, kuunga mkono bunge la jimbo si kuichukia Lusaka. Ni kuomba amana, na anayeomba amana ajue ataulizwa juu yake, duniani na mbele ya Allah. Mjomba nilimweleza hayo yote. Akazitazama nyavu, akasema: "Basi waniulize. Nikikosea, nitakuwa nimekosea mwenyewe."

Wallahu a'lam.