Chuma cha Mshipani, Saumu na Tawakali

Katika masuala yanayowakabili masheikh wa pwani yetu kila Ramadhani iingiapo, sioni lililo zito kuliko lile la mgonjwa wa figo aliyepungukiwa na damu, ambaye tabibu amemwandikia madini ya chuma yatiwe mshipani, naye akasita; kwani suala hilo, ingawa kwa dhahiri yake ni la saumu peke yake, kwa batini yake lagusa mpaka uliopo baina ya chakula na dawa, na baina ya kumtegemea Mwenyezi Mungu na kuipuuza nafsi aliyotuamini nayo.

Ugumu wake ni huu. Chuma ni chakula: kimo katika maini na nyama, kimo katika kunde na mboga, na anayekikosa hudhoofika kama anavyodhoofika mwenye njaa. Basi yuko mgonjwa asemaye kwamba, maadamu ni chakula, kukitia mwilini mchana hufunguza, naye hayuko tayari kuiharibu saumu yake. Akiambiwa kuwa si chakula bali ni dawa, hujibu kwamba kujitibu, kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafii, ni sunna wala si faradhi, na mwenye kuacha sunna hana dhambi. Kwa njia zote mbili chuma humkosa, na kwenye kila njia ameishika hoja ya sheria, jambo ambalo hufanya iwe shida kumrudi hata kwa aliye mwanachuoni.

Yafaa kwanza kuyajua maradhi yenyewe. Figo, fauka ya kuchuja taka za damu, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu. Figo zikidhoofika, amri hiyo hupungua na damu ikapungua pamoja nayo. Mwaka 1989 homoni iliyotengenezwa maabara iliruhusiwa kutumika Marekani, wagonjwa wakarudishiwa kile walichopoteza. Lakini amri pekee haitoshi, kwa sababu kila seli nyekundu yahitaji chuma, na uboho uliohimizwa huimaliza akiba upesi. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake, na kwa siku hufyonza miligramu 1 au 2, ilhali anayesafishwa damu kwa mashine hupoteza gramu 1 hadi 2 kwa mwaka, na pengine zaidi, kwa damu inayobaki katika mipira na ile itolewayo kwa vipimo vya mara kwa mara.

Mtu ataweza kusema: na ameze vidonge usiku, baada ya futari, tusiingie katika khitilafu. Wapo wanaofaliwa na vidonge, hasa wale ambao hawajafikia mashine, na tabibu aghlabu huwajaribu navyo kwa mwezi mmoja hadi mitatu (wasivimeze pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa, na futari zetu hazikosi chai). Lakini kwa wengi ini hutoa kwa wingi kitu kiitwacho hepsidini, ambacho figo zikiwa nzima huchujwa kikatoka, na ambacho kikizidi huzuia chuma kuvuka ukuta wa utumbo na hata kutoka katika akiba ya mwili. Chuma cha kidonge hupita tumboni na sehemu yake kubwa ikatoka, huku mgonjwa akijiona ametibiwa. Hapo mshipa ndio njia.

Basi tuitazame dawa hiyo. Iliyo maarufu huja katika kichupa cha mililita 5 chenye miligramu 100 za chuma, rangi yake kahawia iliyokolea hata ikakaribia weusi, ikachanganywa na maji ya chumvi na kutiririshwa taratibu kwa robo saa au zaidi, mgonjwa akiangaliwa asije akapatwa na mzio. Chuma hicho hufungwa ndani ya sukrosi, ambayo ndiyo sukari ileile ya mezani, na mwenye shaka akisikia neno sukari shaka yake huzidi. Walakini sukari ya aina hiyo huvunjwa na vimeng'enya vya utumbo. Ikiingia mshipani haivunjwi wala haiupi mwili nguvu ya kutajika, bali hutolewa na figo zilizobaki au na mashine.

Kwa madhehebu yetu, kinachofunguza ni kitu kuingia katika uwazi wa ndani ya mwili kwa tundu iliyo wazi, na mshipa uliochomwa sindano si tundu ya maumbile. Fukahaa wa zama hizi hawakukomea hapo, wakaitazama na maana ya saumu, ndipo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jedda mwaka 1997, ikaamua kwamba sindano za ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha. Nami nasema chuma hiki si cha kulisha, kwa kuwa hakishibishi wala hakikati kiu, na aliyetiwa huinuka na njaa yake ileile aliyokuja nayo.

Mama mmoja wa makamo, ambaye hajafikia mashine na ambaye tabibu wake alimruhusu kufunga, aliniuliza jambo ambalo silo katika vitabu vya tiba. "Maalim," alisema, "ile dawa ikianza kuingia nasikia ladha ya chuma ulimini, kama niliyelamba msumari. Saumu yangu ingalipo?" Nikamwuliza kama hupaka wanja. Akasema hupaka. Nikamweleza kwamba maimamu wetu wamesema wanja haufunguzi hata aliyepaka akiisikia ladha yake kooni, kwa kuwa jicho si tundu ya kuelekea ndani. Basi ladha iliyoletwa na damu ina haki zaidi ya kusamehewa. Alinitazama kwa muda, akauliza kama ningesema vivyo hivyo angalikuwa mamangu. Nikamjibu kuwa ningesema vivyo hivyo, na ningempeleka mwenyewe.

Kusafishwa damu kwa mashine ni suala jingine, kwa kuwa maji yatumikayo huwa na chumvi na aghlabu glukosi, na maulamaa wamekhitilafiana. Nionavyo mimi, mgonjwa huyo haihitaji khitilafu hiyo, kwa kuwa rukhsa ya mgonjwa imo katika Kurani yenyewe, na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na ibada yake haikupungua.

Yabaki hoja ya pili, kwamba dawa si faradhi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizigawa sababu za kuondoa madhara katika kitabu chake Ihyaa mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, za dhana, ambamo alizitia dawa za matabibu, na za wahamu. Kuziacha za yakini panapohofiwa kifo, alisema, si tawakali bali ni haramu. Basi wale waliosema kujitibu ni sunna waliuona udhaifu wa dawa za zama zao, ambazo mtu alizinywa bila ya kujua kama zitamfaa. Hukumu hufuata sababu yake. Mgonjwa ambaye vipimo vimeonyesha akiba yake imekwisha, na chuma kinachobebwa na damu kimeshuka chini ya asilimia 20 ya kile inachoweza kubeba, dawa yake imelikaribia fungu la mkate, na sioni vipi aiache kwa jina la tawakali. Wala hapana mgongano katika kusema kwamba chuma kinafanana na mkate katika mlango wa tawakali na hakifanani nao katika mlango wa saumu, kwani huku twauliza kama kitafaa, na kule twauliza kama kinalisha na kimepita wapi.

Lakini yakini hiyo haiwi kwa kila mgonjwa. Yuko ambaye feritini yake, yaani kipimo cha akiba, iko juu kwa sababu ya uvimbe wa ndani, na chuma kimefungika kisiufikie uboho. Huyo kumwongeza chuma ni jambo la dhana, lahitaji tabibu apime faida na madhara. Na yuko mwenye homa ya maambukizo yaliyoenea mwilini, ambaye tabibu mwenyewe huahirisha kumtia chuma mpaka maambukizo yaishe. Kwa hiyo sheikh akiulizwa na mgonjwa wa figo kama imempasa kukubali chuma cha mshipani, asijibu kabla ya kumtaka barua ya tabibu yenye vipimo vile viwili, cha akiba na cha chuma kinachobebwa na damu.